Kisima, Tundu na Eksitoni: Istilahi za Fizikia kwa Msomaji wa Garissa

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa istilahi ya sayansi haina budi kupimwa kwa hesabu ya dhana inayoiwakilisha, wala si kwa utamu wa neno pekee. Mfano wetu wa kwanza ni mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, wenye uwezo wa megawati 50, uliozinduliwa mwaka 2019. Paneli zake ni za silikoni, ambayo ni nusukipitishi: hupitisha umeme kuliko kioo, lakini haifikii shaba.

Tundu au shimo?

Mwanga ukiipiga silikoni, elektroni huchomoka mahali pake na kuacha pengo lenye tabia ya chaji chanya. Pengo hilo lingeweza kuitwa shimo. Tunapendekeza tundu, kwa kuwa shimo hukaribiana mno kimaana na kisima, neno tutakalolihitaji hapa chini. Elektroni na tundu huvutana. Vikishikamana, huunda eksitoni. Neno jozi halitoshi, kwani hata elektroni na tundu vilivyoachana huweza kuhesabiwa jozi. Kwa hiyo utohozi unafaa zaidi.

Katika silikoni, nishati inayoifunga eksitoni ni milielektronivolti 15 hivi, ilhali joto la kawaida la chumba hutoa takribani 25. Eksitoni basi huvunjika upesi, na chaji huwa huru kuzalisha umeme.

Kisima kisicho na maji

Kwa msomaji wa Garissa au Wajir, kisima ni uhai wa watu na mifugo. Kisima cha kwanta ni tabaka jembamba la nusukipitishi, pengine la nanomita 10, lililobanwa kati ya matabaka mawili ya maada nyingine. Kina chake ni cha nishati, si cha ardhi: elektroni iliyomo haina nishati ya kupanda hadi ukingoni, kama maji yasivyoweza kujiteka.

Ili kuunda kielelezo cha eksitoni, wanafizikia huifananisha na atomu ya haidrojeni, tundu likishika nafasi ya kiini. Hesabu huonyesha kuwa eksitoni ikibanwa katika bapa lisilo na unene, nishati inayoifunga huwa mara 4 ya ile ya awali. Katika galiamu asenaidi, hupanda kutoka milielektronivolti 4 hivi hadi kikomo cha takribani 16. Visima halisi havifikii kikomo hicho, maana vina unene, na elektroni hupenya kidogo kutani.

Hitimisho

Sitiari ya kisima yafaa, mradi mwalimu aeleze kina chake ni cha nini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kaskazini Mashariki aliyelelewa kwa Kisomali hujifunza Kiswahili na Kiingereza pia; istilahi tata humtwisha mzigo juu ya mzigo. Yafaa mwanaisimu aketi na mwanafizikia kabla dhana haijapewa jina.