Kwa Nini Ndege Hurudi Kabla ya Kuruka

Watu wengi waliosafiri kwa ndege wamepata kuona jambo hili. Milango imekwisha kufungwa, abiria wamejifunga mikanda, na ndege imefika penye njia ya kurukia. Kisha, badala ya kwenda mbio, inageuka polepole na kurudi ilikotoka. Rubani anatangaza kwamba iko hitilafu ndogo na mafundi wataitazama. Hapo manung'uniko huanza. Mmoja ana arusi, mwingine ana kesi, na wote huona kwamba wanacheleweshwa bure. Yafaa basi kueleza yanayotendeka wakati huo katika chumba cha marubani, maana saa hiyo ya kungoja ina hatari zake ambazo abiria hawazioni.

Ndege kubwa ina vyombo vingi mno, wala si ajabu kimoja kuharibika. Kila shirika huwa na kitabu kilichokubaliwa na serikali, nacho hueleza chombo kwa chombo: hiki kikiharibika ndege isiruke kabisa, hiki kikiharibika yaweza kuruka, lakini kwa masharti fulani, na kitengenezwe kabla ya siku kadha kupita. Taa ya kusomea ya abiria ikizimika, safari haikatazwi. Na juu ya kitabu yuko rubani mkuu mwenyewe. Hata kitabu kikiruhusu, yeye akiona mashaka ana haki ya kukataa kuruka. (Neno hili rubani lilikuwa kwanza la watu wa bahari, nalo lilimhusu mjuzi wa kupitisha chombo penye miamba.) Ni heri mashaka hayo yajulikane mapema, kwa kuwa ndege ikisha kukimbia na kupita mwendo uliohesabiwa kwa safari ile, haiwezi tena kusimama kabla ya mwisho wa njia, hapo hapana budi kuruka tu, na hitilafu itazamwe angani.

Mkasa wa Madrid, mji mkuu wa Hispania, waonyesha mambo haya vizuri kuliko maelezo mengi. Tarehe 20 Agosti, 2008, ndege ya shirika la Spanair, ya aina ya MD-82, ilikuwa ikienda kisiwa cha Gran Canaria ikiwa na watu 172. Ilipokaribia kuruka, marubani waliona kipimo cha joto la hewa ya nje kikionyesha joto lililopita kiasi. Kipimo hicho hupashwa moto kwa umeme ili kisigande barafu huko juu. Ndege ikiwa chini, umeme huo haupaswi kuwaka. Siku ile ulikuwa ukiwaka. Marubani wakarudi, na katika hilo walitenda vema.

Mafundi wakafungua kitabu, wakakuta ya kwamba ndege yaweza kuruka bila ya umeme ule, maadamu njiani hakutazamiwi barafu. Wakaukata. Kitabu kiliwaruhusu kuukata. Lakini lilibaki swali ambalo halikutafutiwa jawabu: kwa nini kipimo kiliwaka moto hali ndege iko chini? Ni kama mtu mwenye homa aliyepewa dawa ya kushusha joto, akaambiwa aende shambani kwake, wala damu yake isipimwe malaria.

Katika ndege ya namna ile, kiko kiungo cha umeme ambacho huvijulisha vyombo mbalimbali kama ndege iko chini au iko angani. Kiungo hicho kilihusika na umeme wa kile kipimo, na pia kilihusika na honi inayowaonya marubani wakitaka kuruka kabla mabawa hayajatayarishwa. Honi hiyo imewekwa ilie ndege ikiwa chini tu. Kwa hiyo kipimo kilichowaka moto uwanjani kilikuwa kama mjumbe aliyeleta habari, naye akanyamazishwa kabla ya kuhojiwa. Wachunguzi wa Hispania hawakuweza kuthibitisha kwa hakika kilichoizuia honi isilie siku ile, lakini uhusiano huo waliuona na kuuandika.

Tangu ndege kugeuka hadi kwenda kuruka tena, karibu saa nzima ilipita, na safari ilikuwa imechelewa. Marubani wakazisoma upya orodha zao. Desturi ya orodha ni kwamba mmoja husoma, mwenzake hutazama kwa macho na kujibu. Kabla ya kufika neno la flapu, rubani mkuu alimkatiza mwenzake na kumtaka aombe ruhusa ya kuondoka. Neno lile likapitwa. Baadaye, karibu kabisa na kuruka, rubani wa pili alitaja hesabu ya flapu, walakini alitaja ile iliyopaswa kuwapo, si ile iliyokuwapo.

Flapu ni vipande vya nyuma ya bawa, na slati ni vipande vya mbele. Vikisukumwa nje, bawa huwa pana na kupindika zaidi, na hewa huweza kuliinua katika mwendo mdogo. Ndege ya Madrid ilikwenda mbio bila ya hivyo vyote viwili, na honi haikulia. Iliinuka kidogo, ikayumba, ikaangukia kando ya njia na kuwaka moto. Watu 154 wakafa, 18 wakaokoka.

Kenya nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 20 Novemba, 1974, ndege ya Lufthansa ya aina ya Boeing 747, iliyotoka Frankfurt kwenda Johannesburg, ilianguka mara baada ya kuruka Embakasi, Nairobi. Flapu za nyuma zilikuwa zimetoka, ila slati za mbele hazikutoka, kwa sababu zilisukumwa kwa hewa itokayo katika injini, na vali za hewa hiyo hazikuwa zimefunguliwa. Tena Nairobi iko juu ya bahari zaidi ya futi 5,000, ambako hewa ni nyepesi na bawa hulipata tegemeo kwa shida. Katika watu 157, walikufa 59. Huo ulikuwa mkasa wa kwanza wa Boeing 747 kuua watu. Zilikuwako ndege nyingine za namna ile zilizopatwa na kosa lilo hilo mahali pengine zisianguke. Baada ya Embakasi ndipo Boeing ilipotia chombo cha kuwaonya marubani kwamba vali hazijafunguliwa.

Kwa ajili hiyo marubani wengi hufundishwa kwamba orodha iliyokatizwa na fundi, au simu, au swali la mwenzao, ianzwe tena toka neno la kwanza, hata kama foleni ya ndege nyuma yao ni ndefu. Tena katika mwaka ule ule wa 2008, idara ya Ulaya inayosimamia usalama wa ndege iliamuru kwamba honi ya ndege za jamii ya MD-80 ijaribiwe kabla ya kila safari. Hapo kwanza shirika lile liliijaribu hasa kabla ya safari ya kwanza ya siku.

Abiria aketiye dirishani nyuma ya bawa aweza kuona mwenyewe flapu zikitoka na kushuka, kwa kawaida wakati ndege ingali ikitembea polepole kwenda penye njia ya kurukia.