Karatasi Ina Njia Yake: Somo juu ya Karte za Bonane



Ndugu wa klasi ya tatu waliniuliza mara mbili, tena mbele ya watu, juu ya nini karte zetu za Bonane zilijikunja mwaka uliopita. Niliwajibu kwamba nitaandika. Sasa ninaandika, sababu kosa lilikuwa langu kuliko lao.

Wale waliokuwa hapa wanakumbuka ile habari. Mwenzetu mmoja wa klasi ya sita alifiwa na baba yake, na pesa ya kujiandikisha kwa Exetat ikakosekana. Tukasema, tutengeneze karte kwa mikono, tuziuze Siku ya Mungu mbele ya Noeli, na tena siku ya Bonane yenyewe. Tulinunua karatasi 20 nyeupe, nene, za ukubwa wa A4, tukapata karte 40. Vijana walichora, wasichana wa internati wakabandika maua na ndege wa maganda ya mgomba. Jioni zilikuwa nzuri juu ya meza, hata prefe alikuja kuziangalia. Asubuhi zilikuwa zimejikunja sawa majani ya tumbaku.

Tuliziweka chini ya vitabu saa mbili tatu, halafu tukaenda kuziuza hivyo hivyo. Mama mmoja alinirudishia yake mlangoni pa kanisa. Akasema: «Mwalimu, hii karte yako haisimame. Inalala chali sawa mgonjwa.» Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilitazama mkunjo wa ile karte nikaona karatasi imevunjika na rangi imeachana. Tuliuza 11. Zile 29 zimo katika kabati langu mpaka leo. Mwenzetu alilipiwa na mjomba wake, ambaye aliuza mbuzi. Aliandika Exetat, tunashukuru. Lakini ile mbuzi haikuwa katika mpango wetu.

Mwaka huu tunataka kufanya tena kazi hii, kwa sanduku lile lile. Basi tujifunze kwanza.

NJIA YA NYUZI

Watu wengi wanafikiri karatasi iko sawasawa pande zote. Si kweli. Karatasi ni nyuzi ndogo sana za mti, zilizolala pamoja na kukauka. Katika mashine, nyuzi hizo zinachanganywa na maji mengi kama uji mwepesi, na ule uji unamwagwa juu ya wavu unaokwenda mbele pasipo kusimama. Maji yanachuruzika chini, nyuzi zinabaki, na nyingi zinalala zikielekea kule wavu unakokwenda, kama vijiti vinavyobebwa na mto. Mashine ya kwanza ya namna hiyo ni kazi ya Nicolas-Louis Robert, kule Ufaransa, mwaka 1799. Mbele ya hapo karatasi ilitengenezwa kwa mkono, moja moja, na fundi alikuwa akitikisa chekecheo lake huku na huku, kwa hiyo nyuzi zililala ovyo ovyo na karatasi ilikuwa karibu sawa pande zote. Karatasi ya duka ni ya mashine. Ina njia.

Sasa musikie jambo ambalo mimi sikulijua vizuri mwaka uliopita. Uzi ukinywa maji unanenepa, lakini haurefuki ila kidogo sana. Ndiyo maana karatasi yenye kuloa inapanuka kwa upande mmoja tu, ule unaokata njia ya nyuzi. Ikikauka, inarudi kwa upande ule ule. Ukipaka kole mgongo mmoja wa karatasi, mgongo huo unanenepa na ule mwingine haujanenepa bado, karatasi inajikunja. Ukikausha kwa haraka, inavutwa upande wa pili. Si uchawi, na si karatasi mbaya ya mfanyabiashara, kama nilivyosema kwa hasira. (Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipa karatasi tano za bure.)

Namna ya kuijua njia ya nyuzi, kuko tatu. Ya kwanza, shika karatasi kwa mikono miwili na uipinde polepole kama unataka kutengeneza bomba, bila kuivunja. Ijaribu kwa urefu, halafu kwa upana. Upande mmoja utakubali kwa urahisi, mwingine utakataa kidogo. Pale inapokubali, urefu wa lile bomba ndio njia ya nyuzi. Ya pili, kata kipande kidogo cha pembe nne, kiwekee alama ya biki kusudi usisahau kilivyokuwa katika karatasi nzima, halafu ukiweke juu ya maji katika sahani. Kitajikunja kuwa bomba dogo mbele ya macho yako, na hapa pia urefu wa bomba ndio njia. Ya tatu ni kupasua kwa mkono. Kwa njia ya nyuzi karatasi inapasuka karibu moja kwa moja. Kwa kuikata njia inakwenda kombo, hata ukijikaza. Mimi ninapenda ile ya maji, sababu haisemi uongo, lakini inakula karatasi.

MKUNJO

Kanuni ni moja: mkunjo wa karte ufuate njia ya nyuzi. Ukikunja kwa kukata njia, unavunja nyuzi maelfu kwa mara moja, na karte itafungwa mbaya, itapasuka, haitasimama.

Hapa ndipo tulipopotea. A4 ina sentimita 21 kwa 29,7. Katika karatasi nyingi za A4 nyuzi zinalala kwa urefu, yaani kufuata zile 29,7. Sisi tulitaka karte inayofunguka kwenda juu, kama paa la nyumba. Kwa hiyo tulikata kila karatasi kwa urefu, tukapata vipande viwili vya 10,5 kwa 29,7, halafu tukavikunja katikati. Mkunjo ulikuwa wa sentimita 10,5, nao ulikata njia ya nyuzi zote. Kama tungekata ile karatasi katikati kwa upana, tungepata vipande viwili vya 21 kwa 14,85, na kila kipande kikikunjwa katikati kinatoa karte ya 10,5 kwa 14,85. Muangalie vizuri: ni karte ya ukubwa ule ule, kutoka karatasi ile ile, bila kutupa hata kipande. Mkunjo tu umehama kutoka upande mfupi kwenda upande mrefu, na sasa unafuata nyuzi. Inafunguka kama kitabu. Wanafunzi wa jiometria wachore hiyo katika kaye zao, sababu ni mfano mzuri kuliko ile mitatu niliyowapa mwezi uliopita.

Lakini musiniamini bila kujaribu. Kuko karatasi za A4 ambazo nyuzi zake zinalala kwa upana, na karatasi nene zinazokatwa na wauzaji wenyewe zinaweza kuwa namna yoyote.

Tena, usikunje kwa vidole tu. Weka late pale mkunjo utakapopita, upitishe biki iliyokwisha wino, ukikandamiza kidogo. Hapana kukata, paka kutia mfereji. Halafu kunja, na upige mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Kazi hii inachukua nusu dakika kwa karte moja, na ndiyo inayoonyesha kama karte imetengenezwa na fundi ama na mtoto aliyetumwa.

KOLE

Kole ya chupa ni bei kali, na katika internati inakauka upesi sababu mtu anasahau kifuniko. Unga wa mihogo unatosha. Chekecha unga kwa kitambaa chepesi, sababu unga wa bukari una nyuzi na mabonge. Chukua kijiko kimoja cha unga na vijiko sita vya maji baridi, koroga mpaka hakuna bonge, ndipo uweke juu ya makala kidogo. Usiache kukoroga. Itakuwa nyeupe kwanza, halafu nzito, halafu ghafula itaanza kung'aa kama kioo chenye moshi. Iondoe hapo. Wacha ipoe kabisa.

Pika ya siku moja tu. Siku ya pili inaanza kuchacha na siku ya tatu nitaijua kwa harufu nikiwa bado njiani. Na mupake kidogo, kidogo sana, kwa unyoya wa kuku. Mwaka uliopita tulipaka sawa mtu anayepaka siagi kwa mkate wa mgeni. Kole nyingi ni maji mengi, na maji ndiyo yanayokunja. Tena mende wanapenda mihogo kama sisi. Karte yenye kole nene ni chakula chao.

Kuko dawa nyingine ya kujikunja. Ukibandika karatasi ya rangi juu ya karte, njia za nyuzi zao ziende pamoja, kusudi zipanuke na kurudi pamoja. Na kama umefunika upande mzima wa mbele, bandika karatasi nyingine nyepesi kwa upande wa nyuma, ili zivutane sawasawa. Halafu weka karte kati ya makaratasi mawili makavu, juu yake ubao, juu ya ubao jiwe. Kisha saa moja badilisha yale makaratasi, sababu yamekwisha kunywa maji. Iache mpaka kesho. Saa mbili chini ya vitabu hazitoshi, na hilo tumelilipia.

MAGANDA YA MGOMBA

Karte zilizouzwa zote 11 zilikuwa na mapambo ya mgomba. Watu wanayapenda, na wana haki. Ganda kavu la shina lina rangi kutoka njano ya asali mpaka nyeusi kidogo, na kila moja ina mistari yake. Lililokaukia juani linakuwa jeupe zaidi. Lililonyeshewa mvua lina madoa, na madoa hayo ni mazuri kwa mabawa ya ndege na kwa ngozi ya ng'ombe. Lipanguse kwa kitambaa chenye kuloa kidogo, lifungue, lipige pasi yenye vuguvugu juu ya karatasi, halafu ulikate kwa wembe kwa upande wa ndani. Ganda pia lina njia ya nyuzi, unaiona kwa macho. Mwili wa mtu na shina la mti uvikate kufuata njia. Paa la nyumba unaweza kulikata kombo ili mistari ishuke kama majani.

Sasa neno la nguvu. Mwaka uliopita wengine waliingia katika migomba ya watu na visu. Musifanye tena. Tangu mwaka 2001 ugonjwa wa kunyauka kwa migomba umeonekana huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, na baadaye ukaenea mbali. Ni kijidudu kinachokaa ndani ya maji ya mgomba, na kisu kilichokata mgomba mgonjwa kinakipeleka kwa mzima. Majani yanakuwa njano mbele ya wakati, ndizi zinaoza ndani, na jamaa linakosa chakula na pesa. Karte moja haina bei hiyo. Kwanza muombe mwenye shamba. Halafu muvute kwa mkono yale maganda makavu tu, yanayoning'inia yenyewe, na musiguse mgomba wenye majani yanayogeuka njano. Mukiona mgomba wa namna hiyo, mumwambie mwenyewe.

JUU YA NOELI NA JUU YA ALBAMU

Mtu aliniuliza kama karte za Noeli ni desturi ya Biblia. Hapana. Ile inayohesabiwa kuwa karte ya kwanza ya biashara ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu kuliko saa alizokuwa nazo, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree moja ya kuwatumia wote. Zilichapwa karibu 1.000, na zile zilizobaki ziliuzwa shilingi moja moja. Ilionyesha jamaa mezani wakinywa divai, na mtoto mdogo naye anapewa. Wakristo waliopinga pombe walikasirika sana. Munaona, karte ya kwanza ililetewa maneno sawa na yetu, lakini yake ilisimama.

Wale wanaotengeneza albamu ya kumbukumbu, kanuni ni zile zile, na nitaongeza mbili. Usipake kole nyuma ya foto. Ikiharibika huwezi kuitoa. Kunja pembe ndogo nne za karatasi, bandika pembe hizo kwa ukurasa, ingiza foto ndani. Na usitumie skochi: miaka michache inakuwa njano, inaacha doa lisilotoka. Hata Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alichoka na kole. Mwaka 1873 alipata hati ya ubunifu kwa albamu yenye kole tayari katika kurasa, unaloanisha tu. Sisi hatuna hiyo. Tuna unyoya wa kuku.

KAZI YA SIKU YA POSHO

Tukutane saa nane katika klasi ya nne. Kila mmoja alete late, wembe, biki iliyokwisha, na kitambaa. Unga utatoka kwangu. Klasi ya tano italeta maganda, kisha kuomba ruhusa. Mimi nitaleta zile karte 29. Kila mtu atapewa moja na ataipasua kwa mkono, kwa urefu na kwa upana, mpaka aone mwenyewe nyuzi zinakwenda wapi, ndipo apewe karatasi mpya.