Amana ya Msitu: Mafundisho ya Kikristo na Hifadhi ya Arabuko-Sokoke

Wako Wakristo wanaodhani ya kuwa kazi ya injili ni kuziokoa roho tu, na kwamba miti, ndege na maji ni mambo ya serikali. Lakini msomaji akifungua Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 2, aya ya 15, ataona kwamba kabla ya dhambi na kabla ya hekalu Adamu alikwisha kabidhiwa bustani ailime na kuitunza, kwa mamlaka ya wakili, si ya mwenye mali. Jirani Muislamu naye hayaoni mageni mafundisho haya, maana amefunzwa kuwa mwanadamu ni khalifa katika ardhi.

Kwa itikadi hiyo Peter na Miranda Harris, Waanglikana kutoka Uingereza, walianzisha shirika la A Rocha huko Ureno mwaka 1983, na mwaka 1999 likapata tawi nchini Kenya, lenye makao Watamu, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Katika msitu huo, wenye kilomita za mraba 420 hivi, huishi bundi wa Sokoke, asiyefika shubiri moja kwa urefu, ambaye nje ya pwani hii ya Kenya na milima ya Usambara Mashariki hajulikani kwingine. Wengi humhesabu bundi kuwa ndege wa nuhusi. Lakini Muumba hakumtenga na viumbe vyake vyema.

Hata hivyo, mahubiri peke yake hayazimi tanuri la mkaa. Mzazi akataye mti mara nyingi si mkaidi, bali muhula umewadia na karo haipo. Ndiyo sababu mwaka 2001 ulianzishwa mpango wa ASSETS: mgeni apitaye juu ya daraja la kuning'inia kati ya mikoko ya hori ya Mida, mpaka kibanda cha kutazamia ndege, hulipa ada, nayo, pamoja na michango ya wahisani, husaidia karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu, na wazazi huahidi kuuhifadhi.

Wakulima nao hufundishwa kilimo cha Njia ya Mungu, alichokianzisha Brian Oldreive wa Zimbabwe: mabua hayachomwi wala shamba lote halitifuliwi, bali huchimbwa mashimo, hutiwa samadi, na ardhi hufunikwa majani makavu, yaitwayo blanketi la Mungu, ili jua lisiunyonye unyevu. Shamba likidumisha rutuba, mwenyewe hana haja ya kufyeka konde jipya msituni. Na kwa maoni yetu darsa hili lina nguvu kuliko hotuba nyingi. Usharika wowote waweza kulianza kabla ya masika katika uwanja wa kanisa, upande mmoja ukilimwa kwa desturi na wa pili ukifunikwa, watu wajionee wenyewe.