Je, kongamano ni anasa kwa makumbusho madogo?

SWALI: Mimi ni mtunzaji wa makumbusho madogo ya jamii huku Embu, nasi tu wawili tu na fedha ni haba. Je, yafaa kutumia akiba yetu kwenda kongamanoni?

JIBU: Elimu ya mtunzaji si anasa, bali ni sehemu ya amana aliyokabidhiwa, lakini kabla ya kufunga safari ya mbali, anzia kwa jirani. Katika Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 ndani ya ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya, vimo vyombo vya mbao, ngozi na vibuyu, ambavyo aghalabu huliwa na wadudu kama vyako. Basi omba idhini ushinde huko siku kadhaa, ukijifunza kwa mikono. Kadhalika, ulizia iwapo mafunzo yangali yakitolewa Mombasa, ambako mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuendeleza makumbusho ya Afrika, ukirithi kazi ya PREMA, mradi wa mafunzo ya uhifadhi wa taasisi ya ICCROM ya Roma.

Ama kongamano lenyewe, usiliendee kwa jina lake kubwa, bali kwa shida mahususi iliyokushinda; waandikie waandalizi mapema kuomba msamaha wa ada, nao aghalabu humpendelea mwenye mada ya kuwasilisha. Na urejeapo, mfundishe mwenzako yote uliyoyapata, kisha yaandikeni, ili maarifa yasiondoke siku mmoja wenu atakapohama.