SOMO: KUULIZANA NA KUFUNDISHANA JUU YA INJINI ZA ZAMANI



Huku Gashoho, kahawa iliyochumwa leo inatakiwa imenywe leo. Injini ikizimika jioni, jasho la mkulima linaoza. Kwa hiyo ujuzi wa injini kuukuu si siri ya mtu mmoja. Tushike mambo matatu:

1. Anayeuliza aeleze yote: ilizimikaje, moshi ulikuwa wa rangi gani. Moshi mweusi, dizeli imezidi au hewa imepungua. Moshi wa buluu, oili inaungua.

2. Anayejibu asimcheke mwenzake. Ikiwa dizeli iliisha tangini, hewa imeingia. Amwonyeshe kulegeza nati ya chujio, halafu ya pampu, mpaka mapovu yaishe. Spana aishike anayejifunza.

3. Aliyesaidiwa arudi kusema ni nini kilichoponya injini, hata kama shauri alilopewa halikufaa.

Fundi anayeficha ujuzi hudhani analinda kazi yake. Siku akiugua, mashine inasimama, na vibarua wote wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Maswali ya kujadiliana: Kazini kwenu, ni ujuzi gani unaojulikana na mtu mmoja tu? Nani ataanza kufundishwa wiki hii?