Rejesho la Kila Jumatatu, Alizeti ya Mwezi wa Sita

Mikopo mingi midogo hudai rejesho kila wiki, na mkulima wa Ilongero, mkoani Singida, hapati fedha kila wiki. Alizeti inavunwa kuanzia mwezi wa tano na wa sita. Uwele na mtama ni chakula kwanza, biashara baadaye. Kuku wa kienyeji, ambao Singida inasifika kwao, huuzwa mmoja mmoja kadiri shida zinavyobisha hodi. Kati ya Januari na Aprili ghala limepungua na shamba bado linataka palizi, lakini Jumatatu haisubiri mvua. Anayekosa rejesho moja anakopa kwingine ili alipe, na wiki inayofuata anakopa tena. Mikopo ya aina hiyo watu wameipa jina linaloistahili: kausha damu.

Uingereza kuna mashirika yanayokaa katikati ya mdaiwa na wadai wake, yanapanga kila mdai apate kiasi gani kwa mwezi mpaka deni liishe. Sheria zetu hazijaunda ofisi ya namna hiyo. Hata hivyo vipande vya mpango kama huo vimo ndani ya sheria za Tanzania, vimetawanyika huku na kule, na mdaiwa mwenye daftari na subira anaweza kuviunganisha mwenyewe. Makala hii inahusu kuviunganisha.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana madeni manne: kikoba, kampuni ya mikopo iliyopo mjini Singida, programu ya mkopo kwenye simu, na duka la pembejeo. Kabla hajamwendea mdai yeyote, ayaandike yote manne. Kila deni liwe na mtaji alioupokea mkononi, riba, ada, kiasi alichokwisha kulipa, dhamana aliyoweka na majina ya wadhamini. Asipokuwa na nakala ya mkataba, aiombe. Meseji za miamala ya simu azitunze, maana mbele ya hakimu zinaweza kuwa ndiyo risiti pekee aliyonayo.

Akishaandika, aangalie anadaiwa na nani kisheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Benki na taasisi zinazopokea amana ni daraja la kwanza. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana ni la pili, SACCOS ni la tatu, na vikundi kama VICOBA ni la nne. Wa daraja la pili lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imemwekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hesabu yake ni nyepesi. Mkopo wa shilingi 300,000 kwa miezi mitatu, kwa ukomo huo, unazaa riba isiyozidi 31,500. Anayetozwa asilimia 20 kwa mwezi analipa 180,000. Tofauti ni shilingi 148,500, na hiyo ndiyo hoja ya kwanza kuiweka mezani siku ya mazungumzo.

Kukopesha kibiashara bila leseni ni kosa la jinai. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali chake, kwa hiyo aliyekopa kwa simu aitafute orodha hiyo kwanza. Lakini hapa niseme wazi, kwa sababu vijiweni husemwa vingine: mkopeshaji kukosa leseni hakugeuzi fedha uliyopokea kuwa zawadi. Ni hoja nzito dhidi ya riba na faini zake. Mtaji uliokula, jiandae kuurudisha.

Sasa mpango wenyewe. Mama wa mfano wetu ajue kwanza kiasi gani kinabaki baada ya chakula, matibabu na mahitaji ya shule. Hicho ndicho cha kugawa, na akigawe kwa uwiano wa madeni, ili mdai mwenye sauti kubwa asile sehemu ya mpole. Kisha awaandikie wote wanne barua moja yenye maneno yaleyale: jumla ya madeni, kipato halisi, kiasi kidogo cha kila mwezi kuanzia sasa, na kiasi kikubwa baada ya mavuno. Mdai aone kwa macho yake kwamba fedha ya alizeti inakuja mwezi wa sita na kwamba naye ana fungu ndani yake. Aombe riba na faini zisimame wakati mpango unaendelea. Mdai halazimiki kukubali. Wengi hukubali wakishaona kwamba njia nyingine ni kesi.

Makubaliano ya mdomo yaachwe mlangoni. Mdai anaruhusiwa na Sheria ya Mikataba kusamehe sehemu ya deni au kuongeza muda wa kulipa, lakini afisa mikopo aliyekuambia "lipa laki mbili tumalize" anaweza kuhamishiwa kituo kingine kesho, na anayekuja akakuta salio limesimama palepale kwenye mfumo. Iandikwe: deni lililokubaliwa ni kiasi gani, riba imesimama au haikusimama, tarehe za malipo, na kwamba malipo ya mwisho yakipokelewa deni limekwisha na dhamana inarudi. Pande zote zisaini mbele ya mashahidi. Na kila unapolipa, taja ni deni lipi unalilipia. Mwenye madeni mawili kwa mdai mmoja akinyamaza, mdai anaweza kuipeleka fedha kwenye deni analolitaka yeye.

Kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau: wadhamini. Kwa sheria yetu, mdai na mdaiwa wakibadilisha masharti ya mkopo bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaweza kuwa ameachiliwa kutoka kwenye dhamana yake. Mdai mjanja analijua hilo, ndiyo maana anaogopa kuongeza muda. Mwondolee hofu: waite wadhamini wako wasaini mpango mpya. Ni heshima pia, kwa sababu mdhamini anabeba deni lote kama wewe ulivyolibeba, na katika mikopo ya vikundi ni jirani yako ndiye anayechangishwa pale rejesho lako linapokosekana. Kama wewe ndiye mdhamini na unasikia mkopo uliouwekea saini umepangwa upya kimya kimya, nenda na mkataba wako kwa mwanasheria kabla hujatoa hata senti.

Onyo lingine linahusu madeni ya zamani. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 mahakamani. Ukikiri deni kwa maandishi yenye saini yako, au ukilipa sehemu yake kabla ukomo haujafika, saa inaanza kuhesabu upya. Kwa deni la juzi hilo halina uzito. Kwa deni la mwaka 2019, pata ushauri kabla ya kusaini barua yoyote ya kukiri.

Mazungumzo yakiendelea, wapo wadai watakaojaribu njia ya mkato. Wanakikundi wanaingia nyumbani na kuondoka na televisheni, sufuria na godoro. Hawana mamlaka hayo. Kwa mali ambayo hukuiweka dhamana, mdai hana budi kwenda mahakamani, apate hukumu, na utekelezaji ufanywe na dalali wa mahakama mwenye amri ya maandishi. Omba kuiona amri na kitambulisho chake, mwenyekiti wa kitongoji awepo, na orodha ya kilichochukuliwa isainiwe. Kuchukua mali ya mtu bila amri kunaweza kumweka mchukuaji mwenyewe kwenye kosa la jinai.

Njia nyingine ya mkato ni kituo cha polisi. Deni ni shauri la madai. Polisi si wakusanyaji wa marejesho, na mtu hawekwi rumande kwa sababu alizeti imekosa mvua. Hali hubadilika pale mtu alipopata fedha kwa udanganyifu tangu mwanzo, kwa mfano kwa hati ya kiwanja kisicho chake. Ukiitwa, nenda, uliza unatuhumiwa kwa kosa gani, na usisaini maandishi ya kulipa ambayo hujayasoma mpaka mwisho.

Wakopeshaji wa kwenye simu nao wana mtindo wa kutuma meseji za kukudhalilisha kwa watu wote waliomo kwenye simu yako: shemeji, mwalimu mkuu, padri, shehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na malalamiko ya namna hiyo yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi picha za meseji hizo. Kuhusu riba na ada, mlalamikie kwanza mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi, na asipokuridhisha peleka shauri Benki Kuu. Kadi ya benki na namba ya siri usimwachie mtu yeyote. Wapo watumishi wanaokabidhi kadi zao kwa wakopeshaji wa mtaani na kuomba nauli kwa fedha yao wenyewe. Kwa mtumishi wa umma utaratibu wa makato unataka abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, na kukabidhi kadi ni kuirusha kinga hiyo dirishani kwa mkono wako.

Aliyeweka nyumba au kiwanja dhamana ana njia yake. Kwa rehani iliyo chini ya Sheria ya Ardhi, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mkopeshaji anapaswa kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Mnada wenyewe unatangazwa kwa siku zisizopungua 14. Siku hizo 60 ndizo za kupeleka mpango wa malipo, na mara nyingine za kutafuta mnunuzi mwenyewe, maana bei ya mnada haijawahi kumfurahisha mwenye nyumba.

Ukipata wito wa mahakama, usiufiche chini ya godoro. Madai ya fedha ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo kesi nyingi za mikopo midogo huishia huko. Kesi ya asiyefika husikilizwa upande mmoja, na riba ya asilimia 20 inapita bila mtu wa kuipinga. Fika, kubali kiasi unachokijua, pinga kilichozidi, na omba kulipa kwa awamu. Ombi hilo litoe mapema. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayotumika Mahakama ya Wilaya na kuendelea, mahakama ikiwa na sababu za kutosha inaweza kuamuru awamu wakati wa kutoa hukumu. Hukumu ikishatoka, awamu inahitaji ridhaa ya aliyeshinda. Daftari lako, barua zako kwa wadai na risiti za mpango uliokwisha kuanza ndizo sababu zenyewe.

Sheria hiyohiyo ya Mwenendo wa Madai inataja mali zisizokamatwa kukazia hukumu: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na kwa mkulima zana za kilimo pamoja na ng'ombe na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili aishi. Imo pia nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, na shamba ambalo maisha yake yote yanalitegemea. Uliyoiweka rehani mwenyewe ni habari nyingine.

Kifungo cha madai kipo, wala si kitisho cha vijiweni tu. Lakini kinapitia mahakamani, mdai ndiye anayegharimia chakula cha mfungwa, hakizidi miezi 6, na deni linabaki palepale ukitoka. Mdaiwa akiithibitishia mahakama kwamba ameshindwa kwa umaskini au sababu nyingine ya kutosha, mahakama inaweza kukataa kumfunga. Aliyeuza mali kwa siri au kuiandikisha kwa jina la shemeji anajiharibia utetezi huo.

Mlango wa mwisho ni ufilisi. RITA tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa, ila jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mtu aliyelemewa kabisa anaweza kuomba Mahakama Kuu imtangaze mufilisi, mali yake igawiwe wadai wote kwa utaratibu. Kwa deni la milioni moja au mbili sioni maana yake: gharama na vikwazo vya kuwa mufilisi vinazidi nafuu.

Msaada wa kuandika barua na kusoma mkataba haupaswi kukutoa fedha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Ilongero ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, kwa hiyo anza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii: mwulize wasaidizi waliosajiliwa wako wapi. Ukiwa hapo mwulize pia kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni ya mradi, na anayeichukua ili alipe kausha damu anawaingiza wenzake wa kikundi kwenye shimo lake. Nenda na daftari la madeni, nakala za mikataba, meseji za miamala, wito wa mahakama kama umeupata, na namba za simu za wadhamini wako.