Mteremko wa Mtaro Usiguswe
Kijitabu cha elimu kwa wafanyabiashara na wakazi wa Feri, Kivukoni na Kariakoo

KWA NINI TUNAANDIKA
Kila masika malalamiko ni yale yale: maji yameingia dukani, mzigo umelowa stoo, wateja wanaruka madimbwi. Lawama zote huletwa ofisini. Tumetangaza kwa vipaza sauti, tumepita mtaa kwa mtaa, wala hatukuchoka. Sasa tunaandika, asiwepo wa kusema hakuambiwa.

MTEREMKO NI NINI?
Ni kiasi ambacho ardhi inashuka katika umbali fulani. Chukua tofauti ya kimo kati ya sehemu mbili, igawe kwa umbali wa mlalo ulio kati yake. Ardhi ikishuka mita 1 katika mita 200, mteremko ni 1 kwa 200, yaani nusu ya asilimia 1. Kwenye ramani, mistari ya kontua iliyobanana inaonyesha mteremko mkali. Iliyoachana inaonyesha tambarare.

Hesabu hiyo ndiyo inayotumika kupanga reli, barabara na mabomba, na kujua mto utamomonyoa wapi na utatua mchanga wapi. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu. Ukifika Jangwani ardhi imelala: mwendo unapungua, mchanga na taka vinatuama, maji yanatafuta pa kwenda. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na waathirika wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande.

HATARI TUNAYOIOGOPA
Si mvua. Ni zege la mlangoni kwako.

Chukulia mtaro wa mita 100 unaoshuka sentimita 50 tu. Mwenye duka mmoja, katikati ya mtaro, anamwaga zege la sentimita 15 juu ya sakafu ya mtaro ili apate daraja la kuingilia. Kwa mteremko huo, maji yatatuama mita 30 nyuma yake. Hapo ni maduka mangapi ya Kariakoo? Yeye yuko pakavu. Majirani wanavua viatu.

Tunarudia: sentimita 15 zako ni mita 30 za jirani.

BAHARI HAINA HURUMA
Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hufikia mita 3. Bahari ikijaa hadi kwenye mdomo wa mtaro, mteremko wa maji unakaribia kuisha, na mvua ikinyesha saa hiyo maji hurudi mitaani. Bahari hatuwezi kuizuia. Mtaro uliozibwa kwa magamba ya samaki, mifuko na kifusi tunaweza kuuzuia, na tutauzuia.

MARUFUKU
1. Usimwage zege wala kifusi ndani ya mtaro, hata kidogo, hata usiku.
2. Usiinue wala kuchimba sakafu ya mtaro kwa kukadiria kwa macho. Macho hayaoni nusu ya asilimia 1.
3. Usitupe taka mtaroni ukitegemea mvua itazibeba. Kwenye tambarare hazibebwi, zinalala.
4. Usivuke maji yanayokwenda kasi Jangwani, kwa miguu, kwa bajaji wala kwa bodaboda.

UNATAKA DARAJA LA KUINGILIA DUKANI?
Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, upelekwe kwa mhandisi anayehusika. Fundi apime kwa mpira wa maji kabla na baada ya kazi. Slabu ikae juu ya kuta za mtaro, isiguse sakafu, na iwe ya kunyanyuka ili usafi ufanyike. Usianze kabla ya kibali.

WANAOHUSIKA
Mwenye nyumba, mpangaji, machinga, mama lishe, mchuuzi wa samaki. Walio karibu na mto au ufukwe wakumbuke pia katazo la shughuli za kudumu ndani ya mita 60, lililo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Maelezo mengine yapo ofisi ya serikali ya mtaa.

KABLA YA MASIKA
Masika huanza Machi. Jumamosi ya mwisho wa Februari, siku ya usafi, funua mtaro wa mbele yako, mwaga ndoo moja ya maji, utazame. Yakisimama, toa taarifa mtaani siku hiyo hiyo. Tukikuta zege lisilo na kibali tutalivunja, na gharama ni yako.